Slaidi ya makohozi ina mkaguzi, kielelezo cha mahakamani hakina

Ndugu Mhariri,

Waandishi wako wa mahakamani wana sentensi wanayoipenda: "vipimo vya maabara vimethibitisha." Ikishaandikwa hiyo, habari imekwisha. Msomaji wa huku Uyole anafunga gazeti akiwa ameshamhukumu mtuhumiwa. Haambiwi ni kipimo gani, alipima nani, sampuli ililala wapi kabla ya kupimwa, wala kama yupo mtu wa pili aliyeipima tena.

Naomba nafasi niyaseme hayo, kwa sababu miaka mingi ya maisha yangu imepita nyuma ya sentensi hiyo. Mimi ni mteknolojia wa maabara mstaafu. Nimefanya kazi katika hospitali za wilaya za nyanda zetu hizi za baridi, nikipokea watu waliotoka kituo cha polisi na PF3, ile fomu ya polisi anayoijaza tabibu, mkononi: waliokatwa mapanga kwenye ugomvi wa mipaka ya mashamba, madereva waliogonga watu huku wananuka pombe, watoto waliofanyiwa ukatili na watu wanaowajua. Nimewatoa damu, nimepokea swabu zao (vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli mwilini), nimeandika majibu, na nimeitwa mahakamani kueleza nilichoandika. Sina ugomvi na sayansi, ndiyo iliyosomesha wanangu. Ninachosema ni kwamba slaidi moja ya makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu inakaguliwa kwa ukali kuliko kielelezo kinachoweza kumpa mtu adhabu ya kifo, na jambo hilo linahitaji sheria.

Nianze na makohozi, maana wasomaji wengi hawajui yanakopita.

Mtu akikohoa wiki mbili anakuja, anatoa makohozi, tunayapaka kwenye slaidi, tunaitia rangi, tunaisoma kwa darubini, tunaandika kwenye rejesta hasi au chanya. Siku hizi mashine ya GeneXpert imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini utaratibu wa darubini ndio ulionilea. Slaidi ikishasomwa haitupwi. Inapangwa kwenye boksi kwa namba yake, na kila robo mwaka mratibu wa kifua kikuu wa wilaya anakuja kuchukua baadhi. Hakuulizi wewe uliyesoma zipi achukue, anachagua yeye. Zinakwenda kusomwa upya na mtu mwingine ambaye haonyeshwi majibu yako. Mkitofautiana, anatafutwa wa tatu wa kuamua. Ukikutwa na makosa makubwa wanakuja kuangalia darubini yako, rangi zako, na jinsi unavyofanya kazi. Sijawahi kumsikia mwenzangu akisema ametukanwa kwa kukaguliwa. Upimaji wa VVU ni vivyo hivyo: kipimo cha kwanza kikisema chanya, humwambii mtu lolote mpaka kipimo cha pili cha aina nyingine kimekubali.

Sasa tuchukue swabu ya mtoto aliyebakwa.

Analetwa usiku na mama yake, gauni bado analo mwilini au limekunjwa mkononi mwa mama. Tabibu wa zamu anamwangalia, anachukua swabu, anaileta maabara. Mimi naipokea, naandika kwenye rejesta, na ninaiweka ndani ya friji lililopo. Friji lililopo ni la vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Linafunguliwa na kila aliye zamu, kutwa mara kadhaa, na halina kufuli. Nilikuwa nabandika plasta kwenye kichupa na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: POLISI, USIGUSE. Huo ndio ulikuwa ulinzi wake wote. Umeme ukikatika, jenereta ilikuwa inalisha chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi, siyo maabara. Askari alikuwa anakuja siku yoyote atakayopata usafiri, pengine amepakizwa kwenye bodaboda, na kichupa kile kinaingia mfuko wa koti. Rejesta inabaki imeandikwa: "swabu moja, imechukuliwa na polisi," na saini ambayo hata mwenye nayo hawezi kuisoma. Hakuna saa, hakuna jina kamili, hakuna namba ya lakiri, kwa sababu lakiri yenyewe haikuwepo. Nilijizoesha kusimama mlangoni na kumwambia afande aandike jina lake lote na muda. Waliandika. Wengi ni vijana wenye adabu, hawakuwa wamefundishwa tu.

Na lile gauni. Enzi za rambo, nguo yenye damu mbichi ilikuwa inafungwa kwenye mfuko wa nailoni, inakazwa fundo, inasubiri safari. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini tabia ya kufungia kitu kibichi ndani ya plastiki haikwenda nayo. Nguo yenye majimaji ndani ya plastiki inaota ukungu, na vijidudu vinakula vinasaba (DNA) ambavyo mkemia angevitafuta. Inatakiwa ikauke kivulini, mahali safi, kisha iwekwe kwenye bahasha ya kaki, kila nguo na bahasha yake, ifungwe, isainiwe juu ya kifungio. Bahasha ya kaki inauzwa kila duka la vifaa vya shule.

Ipo kesi moja ambayo mpaka leo inaniuma. Mtoto alikuwa darasa la tatu. Alipofika mbele ya watu wazima waliovaa suti alinyamaza, hakusema neno. Upande wa mashtaka ukabaki na kielelezo, na kielelezo kikakataliwa kwa kuwa hakuna aliyeweza kueleza kilikuwa wapi kati ya Ijumaa na Jumatatu. Mtuhumiwa alirudi kijijini, nyumba ya nne kutoka kwa akina mtoto. Sijui kama yeye ndiye aliyetenda. Hakuna anayejua, na hiyo ndiyo hasara yenyewe. Ikiwa ni yeye, mtoto hakupata haki. Ikiwa siye, ameishi na jina hilo bila kusafishwa.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kwamba kudai usimamizi wa maabara ni kuwatetea wahalifu, naona hajawahi kukaa kwenye benchi na mama wa mtoto kama yule.

Mahakama ya Rufani imelisema suala hili vizuri. Katika rufani iliyosikilizwa Dodoma na kuamuliwa mwaka 2009, majaji walieleza kwamba lazima iwepo kumbukumbu ya maandishi, kwa mfuatano wa muda, inayoonyesha kielelezo kilikamatwaje, nani alikitunza, nani alimkabidhi nani, kilipimwaje na mwisho wake ulikuwa nini. Katika maamuzi ya baadaye mahakama hiyo ililegeza kidogo: kwa kitu ambacho si rahisi kubadilishwa, maelezo ya mdomo ya mashahidi yanaweza kutosha. Kwa pikipiki yenye namba ya injini, nakubali kabisa. Lakini swabu inafanana na kila swabu nyingine duniani, na kichupa cha damu kinafanana na vichupa vyote vilivyo kwenye friji lile. Kitu pekee kinachokitofautisha ni maandishi, na maandishi hayo yanaanzia kwenye kaunta ya polisi na kwenye maabara ya wilaya, si Dar es Salaam.

Nilipopanda kizimba cha shahidi mara ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kuhusu friji. Wakili wa utetezi aliniuliza nimesoma chuo gani, akakaa. Simlaumu. Alikuwa amepewa ripoti ya ukurasa mmoja yenye mistari michache na muhuri. Angeulizaje kuhusu mambo ambayo hayamo? Ripoti inasema sampuli ilipokelewa, ilipimwa, matokeo ni haya. Haisemi kipimo cha udhibiti, yaani cha sampuli ambayo jibu lake linajulikana, kilikubali au kilikataa siku ile, mashine ilihakikiwa lini, sampuli ilitosha kupima mara ngapi, nani mwingine aliyapitia majibu. Hayo yote huandikwa kwenye karatasi za kazi, na karatasi za kazi hubaki maabara.

Aina ya kipimo nayo ina uzito wake. Kipimo cha awali cha damu, kile kinachogeuka rangi ya waridi, ni cha kupepeta tu. Kinaweza kudanganywa na maji ya mimea kadhaa, viazi vikiwemo. Kwa mkulima wa Uporoto au Njombe aliyekamatwa na shati la shambani, tofauti kati ya "huenda ni damu" na "ni damu ya binadamu" ni maisha yake. Bhangi nayo: uzito wake unaweza kuamua mtu anashtakiwa kwa kifungu kipi na kama atapata dhamana, na majani mabichi hayana uzito mmoja na majani yaliyokauka stoo. Ilipimwa lini, ikiwa katika hali gani, kwa mizani iliyohakikiwa na nani? Sijasikia maswali hayo yakiulizwa mara nyingi.

Lakini linalonisumbua kuliko yote ni maneno mawili niliyoyaona kwenye PF3 nyingi mno: "bikira haipo." Hakimu anayasoma kama ushahidi wa kubakwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka wazi kwamba uchunguzi wa bikira hauna msingi wa kisayansi: utando ule hutofautiana kwa kila msichana, na kuutazama hakuwezi kusema kama ameshaingiliwa. Upande wa pili ni mbaya vilevile. Watoto wengi waliofanyiwa ukatili wakichunguzwa hawakutwi na jeraha lolote, hasa wakiletwa baada ya siku kupita. Tabibu anaandika "hakuna michubuko," na kijijini inasomeka kwamba mtoto amedanganya. Na hata jeraha likiwepo, PF3 inaonyesha kwamba kuna lililotendeka; nani aliyetenda, haisemi. Sheria yetu inatoa nafasi ya tabibu aliyeijaza kuitwa na kuhojiwa, na mshtakiwa anatakiwa aelezwe haki hiyo. Zipo rufani nyingi ambazo PF3 ilifutwa kwenye kumbukumbu kwa sababu hakimu hakumweleza. Huyo ni mshtakiwa aliyefika ngazi ya rufani. Wengine wako gereza la Ruanda hapa Mbeya, hawajui hata kama kuna swali walilopaswa kuambiwa wanaweza kuliuliza.

Naomba nisieleweke kwamba nadhani wataalamu wetu ni wabaya. Nimefanya kazi na watu wa Mkemia Mkuu wa Serikali, ni watu makini. Kuwa na ofisi ya kanda hapa Mbeya ni nafuu kubwa. Zamani kila kitu kilikuwa kinasubiri basi la Dar, safari ya zaidi ya kilomita 800. Ila umakini wa mtu si mfumo. Tazama yaliyowapata waliotutangulia kwa vifaa na fedha.

Boston, Marekani, alikuwepo mkemia aliyeitwa Annie Dookhan, anapima dawa za kulevya. Alikuwa anapima sampuli nyingi kuliko wenzake wote, wakubwa wakimsifu kwa kasi yake. Mwaka 2012 ikafahamika kwamba nyingine alikuwa anazitazama kwa macho tu na kuandika majibu. Alikiri makosa mwaka 2013 akafungwa, na mwaka 2017 mahakama kuu kuliko zote ya jimbo la Massachusetts ilifuta kesi zaidi ya 21,000 zilizopita mikononi mwake. Nataka wasomaji watambue jambo moja: maabara ile haikuwa ya polisi. Ilikuwa chini ya idara ya afya ya jimbo, kama ilivyo kwetu Mkemia Mkuu alivyo chini ya Wizara ya Afya. Kuitoa maabara mikononi mwa polisi ni vizuri, lakini peke yake hakukutosha kule.

Ujerumani nako. Kwa miaka kadhaa polisi walimtafuta mwanamke ambaye vinasaba vyake vilikutwa kwenye matukio karibu 40, mengine Austria na Ufaransa, likiwemo la mauaji ya askari wa kike katika mji wa Heilbronn mwaka 2007. Wizi wa ovyo, mauaji, mwanamke yule yule. Mwaka 2009 wakabaini kwamba hakuwepo. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichofungasha vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, vijidudu vimekufa, lakini vinasaba vya binadamu havifi kwa njia hiyo. Kila mtu wa maabara akisoma habari hiyo anashika kichwa, kwa sababu anajua vijiti alivyonavyo kwenye droo. Nilivyokuwa navyo mimi ni vile vya kuchukulia usaha wa kidonda. Mwaka 2016 kilitolewa kiwango cha kimataifa cha vifaa vya kukusanyia vinasaba ili jambo hilo lisijirudie. Ningependa kujua ni hospitali ngapi za wilaya za kanda yetu zina vijiti vya kiwango hicho, na nadhani mawakili nao wangependa.

Na alama za vidole, ambazo watu wanaziamini kuliko kitu chochote. Baada ya milipuko ya treni Madrid mwezi Machi 2004, FBI walidai alama iliyokutwa kwenye mfuko wa viwashio vya mabomu ni ya wakili mmoja wa Oregon, Marekani. Mtaalamu wa kwanza alisema ndiyo, wa pili akasema ndiyo, wa tatu akasema ndiyo, na hata mtaalamu wa nje aliyeteuliwa na mahakama akakubali. Mtu akawekwa ndani wiki mbili. Polisi wa Hispania, ambao tangu mwanzo walikuwa na mashaka, wakampata mwenye alama, raia wa Algeria. Wale wahakiki wa FBI walikuwa wanajua jibu la mwenzao kabla hawajatazama. Mwaka 2006 mtafiti Itiel Dror na wenzake waliwapa wataalamu watano alama ambazo wao wenyewe walishazilinganisha zamani na kusema zinafanana, safari hii wakiambiwa kwamba ni zile za kosa la Madrid. Wanne kati ya watano walibadilisha jibu lao. Hawakuwa wala rushwa. Walikuwa binadamu walioambiwa kitu kabla ya kutazama. Ndiyo maana msomaji wa pili wa slaidi ya makohozi haonyeshwi jibu la kwanza. Sisi wa hospitali za vijijini tulilijua hilo siku nyingi.

Hapa kwetu swabu inapita katika mikono ya wizara tatu kabla haijafika mbele ya hakimu. Hospitali ya wilaya iko TAMISEMI. Stoo ya vielelezo na wataalamu wa alama za vidole, silaha na maandishi wako Jeshi la Polisi, Mambo ya Ndani. Mkemia Mkuu yuko Afya. Waendesha mashtaka wako Katiba na Sheria, wanasubiri ripoti mwisho wa safari. Kila wizara ina wakaguzi wake wa ndani, lakini hakuna hata mmoja mwenye mamlaka ya kuifuata swabu ile tangu droo la wodi hadi meza ya hakimu. Hata kwenye vinasaba, tuna sheria ya tangu mwaka 2009, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu ndiyo inayoisimamia huku maabara yake ikiwa ndiyo inayopima. Nawaheshimu, lakini hata mimi sikuruhusiwa kusoma upya slaidi zangu mwenyewe na kujipa alama.

Waingereza walimweka msimamizi wa sayansi ya jinai karibu miaka ishirini iliyopita, lakini bila nguvu za kisheria. Alikuwa anashauri tu. Mwaka 2017 ikaibuka kwamba katika maabara moja binafsi ya Manchester majibu yalichezewa, na vipimo zaidi ya 10,000 vikatiliwa shaka. Sheria ya kumpa msimamizi huyo nguvu ilipitishwa mwaka 2021, na kanuni zake zikaanza kutumika Oktoba 2023. Wao walisubiri mpaka yakatokea. Sisi tunaweza kuanza na sheria yenye meno moja kwa moja.

Tume ya Rais ya haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, na utekelezaji wake ndio nafasi ya kulipenyeza jambo hili. Nawaomba wabunge wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe walibebe. Tunahitaji mkaguzi wa ushahidi wa kisayansi ambaye hatoki polisi, hatoki ofisi ya mashtaka, wala hatoki maabara inayopima, mwenye ruhusa ya kuingia stoo ya vielelezo bila taarifa na kufungua friji la hospitali akasoma daftari lake. Apeleke sampuli za majaribio zilizofichwa miongoni mwa sampuli za kawaida, kama tulivyokuwa tunaletewa sisi, na matokeo yatangazwe hadharani. Na anayelinganisha alama za vidole asiambiwe mtuhumiwa amekiri.

Mshtakiwa naye apewe karatasi za kazi pamoja na ripoti. Sampuli ikitosha, nusu yake ihifadhiwe kwa ajili ya kurudiwa, na mahakama iwe na fungu la kumlipa mtaalamu wa upande wa utetezi. Mtu wa Ileje anayetetewa na wakili aliyelipwa na serikali hawezi kumtafuta mkemia wake mwenyewe. Sheria yetu ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 haina maana kamili kwake kama wakili anakwenda kupambana na muhuri asiouelewa.

Najua nitajibiwa kwamba fedha hazipo. Za mkaguzi zitafutwe. Lakini mengine hayasubiri bajeti ya Dodoma. Mganga mkuu wa wilaya anaweza kununua friji dogo lenye kufuli lisilowekwa kitu kingine chochote, daftari la makabidhiano lenye safu ya saa na jina kamili, bahasha za kaki na mkanda wa kufungia. Mkuu wa kituo anaweza kumteua askari mmoja mwenye ufunguo, na siku akienda likizo akabidhi kwa maandishi. Vyuo vyetu vya afya vinaweza kuwafundisha matabibu kuandika kwenye PF3 walichokiona kwa macho, ukubwa wa jeraha na mahali lilipo, na kuacha kuandika bikira. Kijana anayehitimu mwaka huu atajaza fomu hizo maisha yake yote ya kazi.

Kwako Mhariri ombi langu ni dogo. Mwandishi wako akienda kuripoti kesi yenye ripoti ya maabara, amuulize wakili wa serikali kielelezo kilitunzwa wapi kabla ya kupimwa, na nani alihakiki majibu bila kuonyeshwa ya kwanza. Akijibiwa, aandike. Asipojibiwa, aandike kwamba ameuliza.

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Uyole, Mbeya